VETA, diploma ya ufundi au fom faivu PCM? Ulinganisho kwa aliyemaliza fom foo na anataka uinjinia

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka mwishoni mwa Januari, nyumba nyingi zinaingia kwenye mjadala mmoja. Kuna kijana au binti anataka uinjinia, mama anasema aende fom faivu asome PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) kama wenzake, mjomba anasema apelekwe VETA, vyuo vya ufundi stadi, apate ujuzi haraka, mwalimu wa Fizikia anasema huyu angefaa DIT, chuo cha ufundi cha Dar, na mtoto mwenyewe kakaa kimya anasubiri wakubwa wamalize. Mimi nimesoma diploma ya umeme na nafanya kazi saitini na watu waliopita njia zote tatu, kwa hiyo naandika ninachokijua ili mkae mezani mkiwa na vitu vya kulinganisha na msibishane kwa majina ya vyuo tu.

Msimamo wangu nauweka hapahapa. Kwa mtoto mwenye C au D nzuri za Hesabu na Fizikia, na ana uhakika anataka ufundi, diploma ya chuo cha ufundi naipa namba moja. Kuna watoto wa aina mbili ambao siwashauri hivyo, yule aliyefaulu sana masomo ya sayansi, na yule ambaye Hesabu imemkataa kabisa au nyumbani pesa inahitajika mapema, hao nitawafikia.

Kwanza tuelewane, hizi njia tatu zinatoa watu watatu tofauti. VETA inatoa fundi mchundo, chuo cha kati, yaani cha diploma, kinatoa fundi sanifu, chuo kikuu kinatoa mhandisi. Chukua kazi moja tu, kufunga transfoma ya kupeleka umeme kwenye kijiji. Mhandisi ndiye aliyepiga hesabu ya mzigo, akaamua transfoma iwe ya kVA ngapi na waya unene gani, akasaini. Fundi sanifu anashika mchoro, anasimamia timu, anapima insulesheni kwa mega, anapima earth, akikuta kipimo hakijakaa sawa anasimamisha kazi. Fundi mchundo ndiye anayepanda nguzo, anabana lagi, anavuta waya, anafunga fyuzi, na mkono wake ukiwa mbovu hesabu zote za ofisini hazisaidii kitu, transfoma italipuka tu. Kwenye mambo ya uhandisi hapa kwetu uwiano unaotajwa mara nyingi ni 1:5:25, yaani mhandisi mmoja, mafundi sanifu watano, mafundi mchundo 25. Ukiangalia hiyo namba utaona kazi nyingi ziko upande gani, na wazazi wengi wanasukuma watoto wote upande wa yule mmoja.

Kwa hiyo kabla hujauliza chuo gani, muulize mtoto anajiona akifanya nini saa nne asubuhi siku ya kazi. Kuna mtoto furaha yake ni kushika kitu mpaka kikae sawa. Kuna mwingine furaha yake ni kujua kwa nini kimeharibika. Kuna wa tatu anapenda kupanga kitu ambacho hakijakuwepo, na hachoki na makaratasi. Wote wana akili, tusiwapange kwa madaraja.

VETA

VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na vyuo vyake vimetapakaa mikoa karibu yote, na serikali imekuwa ikijenga vya wilaya pia. Kozi ndefu zina ngazi tatu, Level I, II na III, kila moja kama mwaka mmoja. Wazazi waliosoma zamani hapa wanachanganya, maana enzi za trade test Greda I ndiyo ilikuwa kubwa na Greda III ndiyo ya kuanzia, sasa imegeuka, Level III ndiyo ya juu. Nimeshakutana na mzazi anajivunia mwanae kamaliza "Level I" akidhani kamaliza kila kitu, kumbe ndiyo kwanza kaanza.

Fani zenyewe unazijua, umeme wa majumbani na viwandani, magari, umeme wa magari, uchomeleaji na uungaji vyuma, ufundi bomba, majokofu na viyoyozi, fitta, uashi, useremala, elektroniki. Muda mwingi uko karakana. Mtoto wa fitta wiki za mwanzo anapewa kipande cha chuma, jiriwa na tupa, anaambiwa akinyooshe mpaka skwea ikikaa mwanga usipite, anatoka malengelenge mikononi na anajiuliza hii ndiyo shule gani. Ndiyo shule yenyewe hiyo. Mtoto wa umeme anaanza na kuunga waya, swichi moja taa moja, halafu swichi mbili taa moja, halafu anahamia kwenye mota na kontakta. Kiswahili kinatumika sana karakana, na hilo linawasaidia mno watoto ambao Kiingereza kiliwaangusha sekondari wakaonekana hawana akili, ukimweleza kwa lugha yake unashangaa anavyoshika vitu.

Ada kwenye vyuo vya VETA vyenyewe kwa miaka mingi imekuwa sh. 60,000 kwa mwaka kwa anayetokea nyumbani na 120,000 kwa wa bweni, bado hujaweka ovaroli, sefti buti, vifaa na michango ya mitihani, lakini hata ukijumlisha vyote ni njia ambayo familia nyingi zinaiweza. Sifa ya kuingia nayo haiangalii divisheni kama vyuo vingine, ndiyo maana aliyepata F ya Hesabu bado ana pa kwenda.

Udhaifu wake nausema wazi. Hesabu ni kidogo, nadharia ni kidogo, michoro unaisoma lakini huandaliwi kuichora ya mradi mkubwa. Ukitaka kupanda baadaye itabidi ujazie. Na kuna hili la wengi kuishia Level I au II kwa sababu wameshapata kibarua mtaani, hela imeanza kuingia, hawarudi. Nawaelewa, lakini Level III ndiyo inayofungua mlango wa kwenda chuo cha kati, ukiwa nayo pamoja na cheti cha fom foo chenye pasi unaweza kuombea NTA level 4, yaani mwaka wa kwanza wa diploma. Aliyeishia Level I mlango huo hana.

Diploma ya chuo cha ufundi

Hapa nazungumzia vyuo kama DIT pale Dar, Chuo cha Ufundi Arusha ambacho wengi tunakiita ATC, na MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya. Vina historia ndefu. DIT ilianza 1957 kama Dar es Salaam Technical Institute, ATC ilianza 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani, na Mbeya ilianza 1986 kama Mbeya Technical College kwa msaada wa Warusi kabla haijawa chuo kikuu mwaka 2012. Wazee wetu waliotoka huko na cheti cha FTC (Full Technician Certificate, cheti cha fundi sanifu cha enzi hizo) ndio waliobeba viwanda, mitambo ya umeme na barabara za nchi hii, na mpaka leo ukitaja FTC mbele ya mtu mzima wa saitini anakusikiliza.

Siku hizi FTC haipo, kuna NTA level 4, 5 na 6, miaka mitatu, na level 6 ndiyo stashahada yenyewe. Kuna kitu kizuri hapa ambacho watu hawakizungumzii, kila mwaka una cheti chake. Ukimaliza mwaka wa kwanza vizuri ni level 4, wa pili ni level 5. Mambo ya nyumbani yakiharibika katikati hutoki mikono mitupu, na baadaye unaweza kurudi kuendelea. Fom faivu na siksi haina hiyo, ukiacha katikati umeacha.

Sifa za kuingia kwa ujumla ni pasi nne za D na kuendelea zisizo za dini, na kwa uhandisi wanaangalia Hesabu, Fizikia na Kemia, au Engineering Science kwa waliosoma shule za ufundi kama Tanga, Moshi, Ifunda, Mtwara, Bwiru, Iyunga na Musoma. Sasa sikiliza kitu kuhusu hiyo D. D ya NECTA, baraza la mitihani, inaanzia alama 30 mpaka 44. Kwa hiyo kuna D ya 31 na kuna D ya 43, zote zinaonekana D kwenye karatasi lakini ni watoto wawili tofauti kabisa wakikaa mbele ya calculus. Mwaka wa kwanza wa diploma kuna Engineering Mathematics, kuna mechanics, kuna michoro, na Hesabu ndiyo inayowaondoa watu. Mtoto mwenye D ya kubahatisha asikae nyumbani kuanzia Februari anaangalia simu, arudie algebra, trigonometry na grafu za fom thrii na fom foo, miezi hiyo inatosha kumbadilisha. Nimewaona waliofanya hivyo wakawazidi wenye C.

Karakana ipo, lakini si nyingi kama VETA. Utashika tupa, utachomelea, utageuza chuma kwenye lethi, halafu unarudi darasani kujifunza kwa nini ile shafti ikizidiwa torki inakatika pale na si pale. Kuna AutoCAD, kuna maabara, na kuna fildi viwandani, na hii fildi ndiyo inayotofautisha fundi sanifu na fundi sanifu. Aliyeipata kwenye mtambo unaofanya kazi, akapewa kitu cha kushika, anatoka mwingine. Aliyekwenda kukaa ofisini kubeba mafaili anatoka na logbuku iliyojaa na kichwa kitupu. Mzazi kama una mtu unayemfahamu kiwandani, nguvu yako iweke hapo kwenye fildi, hapo ndipo inasaidia.

Vyuo havifanani na usiombe kwa jina kubwa tu. ATC ina nguvu kwenye umwagiliaji, wana eneo la Oljoro la mafunzo hayo, na wana Kikuletwa kule Hai kwa ajili ya nishati jadidifu, kwa hiyo anayependa maji, mashamba na umeme wa maporomoko aangalie huko. Anayetaka ndege aangalie NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, wana kozi za matengenezo ya ndege. Anayetaka mabomba ya maji na visima kuna Chuo cha Maji Ubungo. Zanzibar kuna Karume, KIST, pale Mbweni. Dar ukisoma DIT uko katikati ya mji, makampuni na viwanda viko karibu, fildi rahisi kuitafuta, lakini chumba na nauli vitakula hela kuliko Mbeya au Arusha.

Fom faivu na siksi, halafu digrii

PCM au PGM (Jiografia badala ya Kemia), miaka miwili, halafu chuo kikuu miaka minne, UDSM pale CoET, koleji yao ya uhandisi, au DIT, MUST na vingine. Kuchaguliwa fom faivu ya serikali unahitaji angalau C tatu na ziendane na tahasusi yenyewe. Njia hii inafaa sana kwa mtoto mwenye A na B za sayansi, anayesoma bila kusukumwa. Huyo usimtoe huko kwa sababu ya hofu ya ajira, mwache aende, hesabu ya advance itamjenga kuliko ya diploma na chuo kikuu hatatetereka. Akifaulu vizuri sana fom siksi kuna Samia Scholarship kwa masomo ya sayansi na uhandisi, na kuna mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi.

Wasiwasi wangu ni kwa yule mwenye C tatu za kuvukia, anapelekwa PCM kwa sababu tu nyumbani wanaona aibu kusema kaenda chuo cha ufundi. PCM haina huruma jamani. Chuo kikuu kinataka prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4 kwa kiwango cha chini, na uhandisi kwenye vyuo vyenye ushindani unahitaji zaidi ya hapo. Akitoka na E na S, ambayo haihesabiki prinsipo, anarudi kuanza diploma, anakaa darasa moja na waliomaliza fom foo nyuma yake, na miaka miwili imekwenda. Vijana hao wapo kila chuo cha kati, wengi ni watoto wazuri tu ambao wangekuwa tayari mwaka wa tatu.

Hebu tupige hesabu ya miaka maana watu wanaogopa kitu ambacho si kikubwa. Fom faivu na siksi miaka 2, digrii miaka 4, jumla 6. Diploma miaka 3, digrii miaka 4, jumla 7. Tofauti ni mwaka mmoja, basi. Na kwa huo mwaka mmoja umenunua nini? Umenunua cheti cha kazi ukiwa na miaka 20 au 21, umenunua uwezo wa kusimama katikati ukafanya kazi ukajilipia mwenyewe digrii, na ukifika chuo kikuu wenzako wanaona mota kwa mara ya kwanza wewe umeshaifungua mara nyingi. Sharti la kuunganisha ni GPA ya 3.0 kwenye diploma, hicho ndicho kiwango cha TCU, tume ya vyuo vikuu, pamoja na pasi zako nne za fom foo. Kwa hiyo anayeingia diploma na ndoto ya digrii asicheze na GPA kuanzia semista ya kwanza, sapu, yaani mitihani ya kurudia, za mwanzo zinamfuata mtu mpaka mwisho.

Pesa

Mambo yamebadilika miaka ya karibuni na wengi bado wanapanga kwa taarifa za zamani. Ada ya fom faivu na siksi kwenye shule za serikali ilifutwa kuanzia bajeti ya 2022/23. Mwaka uliofuata, kwenye bajeti ya 2023/24, ikatangazwa kufutwa ada kwa wanaojiunga na ngazi za kati kwenye DIT, MUST na ATC. Na mwaka huohuo wa 2023/24 HESLB ikaanza kutoa mikopo kwa baadhi ya fani za stashahada, zile za kipaumbele, na uhandisi wa nishati na madini zikiwemo. Kwa hiyo ile sababu ya "diploma ni ghali, fom faivu ni bure" haina nguvu tena kama zamani. Soma joining instruction ya chuo chenyewe mstari kwa mstari, maana ada ikiondoka bado kuna usajili, bima, hosteli, chakula, kalkuleta, vifaa vya kuchorea na ovaroli, na fildi nayo ina nauli na sehemu ya kulala.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye karatasi yoyote ni miaka ya kutoingiza kitu. Mtoto wa VETA umeme mwaka wa pili likizo anakwenda na fundi wake kuweka waya kwenye nyumba, anarudi na hela ya matumizi. Mtoto wa diploma anaanza kujitegemea kidogo mwaka wa pili au wa tatu. Wa PCM ni mzigo wa nyumbani mpaka bumu la chuo kikuu liingie. Kama baba hayupo na kuna wadogo watatu nyuma, hiki si kitu kidogo, na sioni ubaya wowote kuchagua VETA kwa sababu hii, na mtoto asiambiwe kakosa, aambiwe amebeba familia.

Sasa vyuo binafsi. Vipo vizuri na vipo vibaya. Kabla hujatoa hata senti, angalia kama chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na kama kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa kwa ngazi wanayokuambia. Kuna vijana wamesoma miaka miwili, wamelipa kila kitu, kuja kuomba kazi namba ya usajili haionekani. Wakikuambia "usajili uko njiani" toka hapo, usirudi.

Kazi baada ya hapo

Serikalini iko wazi, matangazo ya Ajira Portal yanasema yenyewe. Mhandisi Daraja la II anaanza ngazi ya mshahara ya TGS E. Fundi Sanifu Daraja la II anaanza TGS C na anatakiwa awe na stashahada. Fundi mchundo anakaa chini ya hapo. Tofauti ya mshahara ipo na sitaipaka rangi, mwenye digrii anaanza juu na anapanda juu zaidi. Lakini angalia pia idadi ya nafasi, na angalia kwamba mwenye digrii ya uhandisi akimaliza bado hajawa mhandisi kamili. Anasajiliwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kama mhandisi mhitimu, halafu kuna mafunzo ya vitendo ya SEAP miaka mitatu kabla ya kufika kwenye kutambuliwa kitaaluma na kusaini michoro. Fundi sanifu naye anasajiliwa ERB kwenye ngazi yake, na nawashangaa wenzangu wengi wa diploma wasiojisajili, wanakosa vitu kwa uvivu wa kujaza fomu.

Binafsi na kujiajiri ndiko mambo yanageuka. Nyumba ya mtu haihitaji mhandisi kufungwa umeme, inahitaji fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja yanayotegemea elimu yako na uzoefu wako. Fundi wa VETA aliyesimama vizuri, ana leseni, ana vifaa vyake, anapokea simu na anafika kwa saa aliyosema, huyo mtaani hakosi kazi. Mchomeleaji mzuri hivyohivyo. Miradi mikubwa kama bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 na reli ya SGR ilichukua mafundi wa kila ngazi, na huko mchomeleaji anapimwa kwa mkono wake, anapewa kipande achomelee, kinakaguliwa, kikiwa na nyufa hata uwe na cheti cha dhahabu unarudi nyumbani. Fundi sanifu yeye anang'aa zaidi viwandani, migodini, mitambo ya maji, minara ya simu, sola kubwa, yaani penye mashine ambayo ikisimama watu wanapoteza hela kila saa na anatakiwa mtu wa kutafuta tatizo akalipata leo.

Nimalizie na mabinti maana nao wananiandikia sana. Hakuna fani hata moja kati ya hizi ambayo msichana haiwezi. Tulikuwa na wasichana darasani kwenye umeme na kwenye vipimo walikuwa makini kuliko sisi. Kitu cha kuangalia kwao ni hosteli, kwa sababu chuo kikiwa hakina bweni la kutosha binti anakwenda kupanga chumba mtaani akiwa na miaka 17, na hapo mzazi unatakiwa ufuatilie mwenyewe, usimwachie dalali.

Basi wewe uende wapi

Una A na B za Hesabu, Fizikia na Kemia, unapenda kusoma, nenda PCM. Una C, unapenda ufundi, umeshafungua pasi na redio za jirani wote, nenda diploma, wala usijutie fom faivu. Una D za Hesabu na Fizikia, diploma bado inawezekana lakini rudia hesabu kabla ya kufungua, na omba zaidi ya chuo kimoja. Una F ya Hesabu, usipoteze mwaka mzima nyumbani kwa hasira, nenda VETA, na kama moyo wako bado uko kwenye diploma rudia Hesabu kama mtahiniwa binafsi huku unaendelea na Level I, nimewajua waliofanya vyote viwili na wakafika. Umeshakuwa gereji miaka kadhaa na huna cheti chochote, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, wanakupima ulichonacho, wanakujazia palipopungua na unapata cheti, huna haja ya kuanza sifuri na watoto.

Kuhusu muda, usichelewe. Chaguo za fom faivu na vyuo vya kati ulijaza kwenye Selform, fomu ya machaguo, ukiwa shuleni, na baada ya matokeo TAMISEMI huwa wanafungua muda wa kubadilisha, wengi wanaupitisha bila kujua. Ukikosa hapo bado unaweza kuomba chuo moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo chenyewe dirisha likifunguliwa. VETA kozi ndefu zinaanza Januari na maombi yanatangazwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anayesubiri matokeo kwanza ndipo aulizie VETA mara nyingi anakuta nafasi zimekwisha, ombea VETA hata kabla ya matokeo, ukipata pengine utaamua.

Na kabla ya kuthibitisha chuo, nenda kakione. Wakikuonyesha ofisi ya mkuu na bango la picha, omba kuona karakana. Angalia mashine ziko ngapi na wanafunzi wangapi kwa mashine moja, angalia kama zina vumbi au zina mafuta mabichi na vyuma vilivyokatwa leo. Halafu mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, mkiwa wawili tu, muulize mara ya mwisho aligusa lethi au maltimita lini. Akikujibu "jana" au "asubuhi", lipia.